Kwa nini Hannibal hakuiteka Roma baada ya Cannae?

Ndugu uliyeuliza mbona Hannibal, jemadari wa Carthage (dola ya Afrika Kaskazini iliyokuwa vitani na Roma), hakwenda moja kwa moja Roma baada ya kuwashinda Warumi huko Cannae, kusini mwa Italia, mwaka 216 KK: tatizo halikuwa woga. Roma ilikuwa mbali, kilomita 400 hivi, ina kuta imara, na jeshi la Hannibal halikuwa limejiandaa kuuzingira mji mkubwa kiasi kile. Alitegemea kwamba washirika wa Roma wangeiasi mmoja baada ya mwingine. Wengine waliasi kweli, mji wa Capua ukiwemo, lakini miji ya Kilatini ya Italia ya kati haikutikisika.

Na hapo ndipo nguvu halisi ya Warumi ilipokuwa, kuliko hata panga zao. Kwa siku moja walipoteza makumi ya maelfu ya askari na konsuli (mmoja wa viongozi wakuu wawili wa Roma) Aemilius Paullus, lakini Seneti, baraza kuu la Roma, ilikataa mazungumzo ya amani, ikakataa hata kuwakomboa kwa fedha Warumi waliotekwa na Hannibal. Wakaandikisha vijana wadogo, wakanunua watumwa wapatao 8,000 waliokubali kupigana, wakawapa silaha zilizotekwa katika vita vya zamani. Mimi naona uamuzi huo ni mkubwa kuliko ushindi wowote wa Warumi uwanjani.

Baada ya hapo wakamkwepa Hannibal na kuwaandama washirika wake. Capua ikarudi mikononi mwao mwaka 211 KK. Jemadari wao Scipio akavuka kwenda Afrika mwaka 204 KK, Hannibal akaitwa nyumbani kuilinda Carthage, akashindwa huko Zama, Afrika Kaskazini, mwaka 202 KK.