Jibu: Kisu cha kuchunia swala porini

Mkuu, umeuliza kama kisu cha inchi 8 kinafaa kuchunia swala. Hapana, kirefu hivyo kitakusumbua. Chukua cha inchi 4, kisichokunjwa, chuma chake kipite hadi mwisho wa mpini. Vya kukunja damu na mafuta huganda ndani, kuviosha ni kazi.

Pagumu ni tumboni. Makali yaangalie juu, vidole viwili vitangulie vikiinua ngozi, ncha ipite katikati ya vidole hivyo. Ukitoboa utumbo, kinyesi kinachafua nyama. Mpini uwe na mikwaruzo, maana mkono wenye damu unateleza. Na beba kinoo, tafadhali: manyoya yamejaa mchanga, yanamaliza makali hujafika hata pajani. Mifupa achia panga.