Kabla hujailaumu redio: kinasa data cha unyevu wa udongo na kasoro zake

Msomaji wa Ilula, Iringa, ameleta swali: vihisi vinne kwenye nyanya za umwagiliaji wa matone, vyote vimeganda kwenye asilimia 100 ya unyevu tangu mvua za kwanza, na fundi amemshauri anunue redio mpya. Asinunue. Kwa kawaida redio haigeuzi namba; ama inaifikisha, ama inaipoteza njiani. Namba mbovu iliyofika salama iliharibika kabla ya kuifikia antena, na mara nyingi iliharibikia kwenye kihisi chenyewe.

Wengi wetu tunatumia vifaa vilevile: bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo inayosoma vihisi), redio ya LoRa (inayorusha data mbali kwa umeme kidogo) yenye chipu ya SX1276, kihisi cheusi cha kapasita cha toleo la 1.2, kipimajoto cha DS18B20, betri moja ya lithiamu ya 18650 na paneli ndogo ya sola. Kwa bei yake hakuna ubaya, ila kihisi hicho hakikutengenezwa kikae ardhini msimu mzima. Uso wake umepakwa rangi, lakini kingo zilikokatwa ziko wazi, na maji hunyonywa humo taratibu hadi kihisi kinasoma unyevu wake chenyewe badala ya unyevu wa udongo. Hapo ndipo asilimia 100 inapotoka.

Dawa ni kukiziba kabla ya kukizika. Piga msasa laini kwenye kingo, paka rangi ya kucha mara mbili au gundi ya epoksi iliyo nyepesi, kisha funika sehemu ya juu yenye vipuri kwa epoksi mpaka waya unapoingilia. Acha ikauke saa 24. Fanya haya kabla ya upimaji wowote, kwa sababu tabaka hilo hubadilisha usomaji. Kilichokwisha kunywa maji kianike juani siku kadhaa. Kingine hurudi, kingine ndiyo basi tena.

Kuna kasoro mbili za kiwandani ambazo hakuna programu itakayozitibu. Piga picha chipu ndogo ya kihisi kwa simu, uikuze. Ikiandikwa TLC555, sawa. Ikiandikwa NE555, hiyo inahitaji angalau volti 4.5, na wewe unaipa 3.3, itatoa namba za kubahatisha. Ya pili: rezista ya megaomu 1 ambayo kwenye baadhi ya bodi haikuunganishwa na graundi. Dalili yake ni kihisi kuzubaa: unakitoa kwenye maji na namba inabadilika polepole kwa dakika nzima. Zima umeme, pima kwa multimita kati ya pini ya AOUT (inayotoa usomaji) na GND (graundi). Usipoona kitu cha kukaribia megaomu 1, chomea rezista ya thamani hiyo kati ya pini hizo mbili na tatizo limekwisha.

Sasa kwenye upimaji, yaani kulinganisha namba za kihisi na unyevu halisi, ambako watu wanapenda njia ya mkato. Kusoma hewani, kusoma kwenye glasi ya maji, kisha kuita ya kwanza 0 na ya pili 100, hakukupi unyevu wa udongo. Kunakuambia kihisi kiko hai, basi. Mfinyanzi ulioshiba maji na kuchuruzika unaweza kuwa na maji theluthi moja hivi ya ujazo wake, na kichanga pungufu ya hapo.

Chukua udongo wa kina kilekile utakachozika kihisi. Ukaushe kwenye oveni ya nyuzi 105 kwa saa 24. Usipokuwa na oveni, utandaze juani juu ya turubai mpaka uzito uache kushuka kwenye mizani. Ponda mabonge, jaza lita 2 kwenye ndoo ya plastiki ukishindilia kama ulivyo shambani, chora alama ya kimo, soma. Mwaga nje, ongeza mililita 200 za maji, ambazo ni asilimia 10 ya ujazo, changanya vizuri, rudisha mpaka alama ileile, soma tena. Endelea hivyo mpaka maji yasimame juu. Kila hatua chukua usomaji 15, upange kwa ukubwa, uandike ule wa katikati. Mstari utakaopata umepinda. Usiunyooshe kwa nguvu. Na kila kihisi kina mstari wake. Kunakili namba za jirani ni kujidanganya, halafu tunalaumu teknolojia.

Kwenye kuzika, adui ni hewa. Pengo dogo tu pembeni ya kihisi husomeka kama ukame. Kwa nyanya, zika sentimita 15 hadi 20, umbali wa sentimita 10 hadi 15 kutoka tundu la matone, uso bapa ukiwa wima ili maji yasitue juu yake. Tengeneza uji mzito wa udongo uleule, uumimine shimoni, ukisukume kihisi ndani. Waya upite kwenye bomba la plastiki, maana panya na jembe havichagui, na uingilie kasha kwa chini baada ya kushuka na kupanda kidogo. Usikiweke karibu na sehemu unayotia mbolea ya chumvichumvi: kihisi hiki kinafanya kazi kwa masafa ya chini, na chumvi hukidanganya kuwa kuna maji.

Kwa pini, saini ya kihisi iende kwenye pini za ESP32 zilizoandikwa GPIO 32 hadi 39. Pini nyingine za analogi ni za kundi la ADC2, nazo hazisomi chochote wakati Wi-Fi imewashwa. Kihisi kilishe kupitia pini ya kawaida ya kutoa: washa, subiri nusu sekunde, soma, zima.

Umeme ndio unaoua mitambo mingi. Bodi ya kawaida ya ESP32 ina regyuleta (chipu ya kushusha volti) ya AMS1117, taa na chipu ya USB, hivyo hata "ikilala" yaweza kula miliampia 10. Betri ya 2500 mAh inaisha ndani ya siku kumi hivi. Tena regyuleta hiyo inataka volti moja na ushee juu ya 3.3, wakati betri yako inatoa 3.7. Ndiyo maana mtambo unajiwasha upya kila ukirusha data, na kwenye kompyuta unaona "Brownout detector was triggered", yaani volti imeshuka mno. Weka regyuleta ya HT7333, au tumia betri ya LiFePO4 ya volti 3.2 moja kwa moja kwenye pini ya 3.3, na kapasita ya mikrofaradi 470 karibu na bodi. HT7333 inatoa miliampia 250 tu. Yatosha LoRa, haitoshi Wi-Fi. Ukiamka kila dakika 15 kwa sekunde 3 na miliampia 80, muda wa kuamka unatumia takriban 6.4 mAh kwa siku. Hapo hata paneli ndogo inazidi.

Kipimajoto kina lugha yake. Kikisema 85, kimewaka lakini umesoma kabla hakijapima. Kikisema -127, hakipo, au umesahau rezista ya kiloomu 4.7 kati ya data na 3.3.

Redio iwe ya mwisho kukaguliwa. Usiiwashe kamwe bila antena. Kwa 868 MHz, waya wa robo ya wimbi ni sentimita 8.2, antena ya 433 iliyochomekwa hapo itafika jikoni tu. Masafa, upana wa mkanda (bandwidth), SF (namba ya mwendo wa ujumbe: ikiwa kubwa hufika mbali ila polepole) na neno la ulinganifu (sync word) lazima vifanane pande zote mbili. Panda kutoka SF7 kwenda SF9 kama mahindi ya jirani yameota juu ya antena, lakini ukienda SF12 kila ujumbe unachukua zaidi ya sekunde moja hewani na betri inalipa. Na unapojaribu nyumbani, usiweke redio mbili meza moja kwa nguvu ya juu: kipokezi huzidiwa, nawe utakitupa kizima.