Uliza Daktari: Mama kapata 17 kwa 30, ndo dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu?

SWALI: Dokta shikamoo. Mama yangu ana miaka 74, aliishia la tatu, tunaishi Hai, Kilimanjaro. Siku hizi anasahau sahau, juzi kaniuliza mara tatu kama ng'ombe wamepewa majani na nilishamjibu. Mdogo wangu wa Dar akapata mtandaoni lile jaribio la kupima kumbukumbu na akili, MMSE, la pointi 30, tukampima sebuleni, kapata 17. Wanasema chini ya 24 ni shida. Nyumba nzima tumelia na mama mwenyewe kanuna. Tumuanzishie dawa?
Binti wa Hai

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza muombeni mama msamaha, kumkalisha mtu mzima sebuleni na kumpa mtihani mbele ya wajukuu hata mimi ningenuna.

Hilo jaribio lilitoka Marekani mwaka 1975. Hebu angalia mlichomuuliza: 100 toa 7, toa tena 7, mara tano, hapo pointi 5. Halafu asome agizo, aandike sentensi, anakili pembetano mbili zilizopandana, hizo nyingine 3. Mtu wa la tatu aliyeshika jembe kuliko kalamu anaweza kuzipoteza zote 8 na kichwa kiko fiti kabisa, na 17 ukijumlisha 8 ni 25. Sisemi mama yuko sawa, nasema hiyo namba haijui kutofautisha ugonjwa na kukosa shule.

Na MoCA, jaribio jingine kama hilo, la Kanada la 2005, ndo usiseme, inataka uchore saa inayoonyesha "saa tano na dakika kumi". Kuna mzee aliniuliza, "ya kizungu au ya kwetu?" Maana mshale mfupi unakaa kwenye 11 lakini mdomoni tunasema tano. Hapo ukimkata pointi mwenye matatizo ni wewe.

Sasa kinachonifurahisha ni kwamba hapo hapo kwenu Hai watafiti wa Tanzania na Uingereza walitengeneza kipimo kinaitwa IDEA, hakihitaji kalamu. Mzee anasomewa maneno 10 halafu baadaye anaulizwa anayakumbuka yapi, anataja wanyama kwa dakika moja, anaeleza daraja ni nini, kiongozi wa kijiji ni nani, na anapewa njiti nne za kiberiti apange umbo kama alivyoonyeshwa. Pointi 15 zote, akipata 7 kushuka chini anachunguzwa zaidi. Anachunguzwa, haambiwi anaumwa.

Kwa nini nasisitiza? Utafiti wa Hai ulikuta dimenshia kwa wazee kama 6 kati ya 100 wenye miaka 70 na kuendelea. Tuseme kwa mfano kipimo kinanasa 5 kati ya hao 6, ila kwa wazima kinakosea mmoja kila watano. Wazima 94, kitawashika kama 19. Kwa hiyo kati ya watu 24 walio"feli", wagonjwa kweli ni 5 tu.

Mimi ukinijia kliniki nitakuuliza wewe kwanza kabla ya mama. Hela ya maziwa alikuwa anahesabu mwenyewe, bado anahesabu? Njia ya sokoni anapotea? Imeanza taratibu miaka miwili hii au ghafla wiki hii? Kama ni ghafla usisubiri, wahi hospitali leo, inaweza kuwa maambukizi au alianguka akagonga kichwa. Anasikia vizuri? Ana huzuni? Na tafadhali kaangalie chini ya mto wake, wazee wengi wanameza Piriton, ile dawa ya mafua na mzio, kila usiku ili walale, na ile inavuruga kumbukumbu. Kuna na damu ya kupima, thairoidi, vitamini B12, sukari, VVU. Dawa ya dimenshia msianze, hakuna ya kuiponya na hamjui bado kama anayo.

SWALI: Baba ni mhasibu mstaafu, kapata 29 kwa 30 kwenye jaribio la kumbukumbu, daktari kasema mzima. Lakini kamlipa fundi mara mbili kazi ile ile na namba ya siri ya simu hakumbuki tena. Tukae tu?
Mtoto wa mwisho, Tanga

JIBU: Msikae. Hesabu na kuandika ndo kazi aliyofanya maisha yake yote, jaribio la dakika kumi analipita akiwa nusu usingizi. Mrudishe, na safari hii ingia naye umueleze daktari habari ya fundi.