Nani Atasimama Nawe?

Mpendwa Nyambura,

Hujambo, mama? Sisi huku Kayole hatujambo, ila baridi ya Julai imetukamata na mama yako hajavua ile sweta ya kijani tangu Jumapili. Nimemwambia, unalalamikia hii, na binti yako anataka kuolewa juu ya barafu!

Uliniuliza jambo moja tu: mkifunga ndoa Februari pale Ziwa Louise, huko Kanada, nyinyi wawili bila watu, mama yako atalia? Nimekaa na swali hilo siku nne. Kwanza nikalisoma hilo ziwa. Kumbe liko mita 1,700 na ushei juu ya bahari, karibu sawa na Nairobi yetu, ila huko maji huganda kuanzia Novemba na barafu hukaa hadi Mei au Juni. Limepewa jina la binti wa Malkia Victoria, Louise Caroline Alberta, na mkoa mzima nao ukaitwa Alberta kwa ajili yake. Wenyeji, Wastoney Nakoda, waliliita ziwa la samaki wadogo. Hilo ni jina la watu waliowahi kula kitu kutoka humo.

Lakini kilichoninyima usingizi si barafu. Ni ile sentensi uliyoipitisha pembeni, kwamba sheria ya huko inataka mashahidi wawili watu wazima, na mpiga picha na mumewe watawasaidia.

Ile picha yetu ya ngazini unaijua, mimi na suti ya kuazima, mwaka 1991. Yaliyobaki hatujawahi kukusimulia. Tulikuwa tunakimbia kelele: kamati, michango, mjomba wa mama yako na orodha yake ya blanketi. Tukaenda kwa msajili kimyakimya. Sasa, sheria ya wakati ule ilitaka tangazo la siku 21, na tangazo hubandikwa mahali ambapo yeyote anaweza kulisoma. Watu wanaojificha, majina yao yako ukutani! Kijana mmoja wa kijijini kwetu akapita hapo na shughuli zake, akayasoma. Kabla ya wiki kwisha shosho yako, mama yangu, alikuwa na habari.

Hakusema. Nilimwandikia barua siku hizohizo, nikamweleza mvua ya Nairobi na bei ya mbolea. Akanijibu kwa mkono wa jirani, naye akanieleza mvua ya Murang'a. Alikuwa ananingoja.

Siku yenyewe shahidi wetu wa pili aliharibikiwa na gari njiani. Msajili akatutazama, akatazama saa. Nikatoka kwenye korido, nikamshika mkono tarishi aliyebeba mafaili. Akatia sahihi, nikamnunulia soda, akaenda zake. Jumamosi tukapanda nyumbani. Shosho yako akatupikia mukimo, akaongea na mama yako vizuri kabisa, na tulipomaliza kunawa mikono ndipo akaniuliza, "Nani alisimama nawe?" Nikamwambia, tarishi. "Anaitwa nani?" Sikujua. Akainuka akaenda kufungia mbuzi. Kulikuwa na beberu mmoja mnene kuliko wenzake wote, na mimi sikuthubutu kuuliza alikuwa amefugiwa nini.

Cheti kiko kabatini. Sahihi ya shahidi wa pili ni mstari na nukta. Wewe ulipozaliwa nilikupa jina la mama yangu kama desturi inavyotaka, lakini mkono wangu ulitetemeka kidogo, kama wa mtu anayelipa deni.

Ndiyo maana nasema, na mnanicheka: ndoa ni mashahidi. Lakini ngoja. Tarishi wangu asiye na jina amesimamia ndoa ya zaidi ya miaka 30. Baba yako mkubwa alikodi hema tatu akalisha watu mia sita, na waliachana kabla hajamaliza kulipia hema. Kwa hiyo ndoa si mashahidi? Hapana, ni mashahidi. Sijui nijijibu nini hapo.

Kuhusu mama yako: atalia. Alilia ulipokwenda bweni, na ulikuwa Thika tu. Hiyo isiwe hoja. Huko angalau hamna ukuta wa kubandikwa, na leseni yenu itadumu miezi mitatu, kwa hiyo msiichukue mapema mno. Kibali cha hifadhi ya Banff, ambamo ziwa limo, ndicho cha kuomba mapema. Saa tano asubuhi kwenu ni saa tatu usiku hapa, tutakuwa macho. Iweke simu ndani ya koti, kwenye joto la mwili, maana baridi hiyo hunyonya betri. Na viatu vya harusi ni vya picha moja, kisha vaa buti.

Mwana wa shangazi yako yuko Calgary, kilomita 180 hivi kutoka ziwani. Natamka tu. Sisemi mumwite, sisemi msimwite. Nilikuwa nimeandika sentensi nyingine hapa, nimeifuta.

Ila ikiwa ni huyo mpiga picha na mumewe, basi waandike majina yao kwa herufi kubwa, nawe uniletee niyasome.

Baba yako