Ukienda kuomba msimbo kongamanoni, nenda na kifaa chenyewe

Kifaa ninachokizungumzia kinaenea kiganjani. Kimevishwa mpira mweusi, ubavuni kina kitufe cha manjano cha skana, na tundu la chaji limeshika kutu kama kila kitu kinachokaa bandarini Lamu. Vilikuja kumi na viwili kwa ajili ya kikundi chetu cha ufuo, BMU, ili makarani waandike samaki wanaposhushwa: chombo cha nani, kimevua wapi, nguru wangapi, changu kilo ngapi. Kwa mwaka mmoja na nusu vilitufaa sana. Kisha kampuni iliyotuuzia ikazima seva yake, yaani kompyuta ya mbali ambayo vifaa hivyo vilizungumza nayo, bila barua wala simu. Tangu siku hiyo ukikiwasha huoni ila neno "Inaunganisha" na vinukta vitatu vinavyopokezana. Skrini inawaka, betri ni nzima, skana inatoa mwanga wake mwekundu. Kumbukumbu za wavuvi zimo humo ndani na hatuna pa kuzitolea.

Katibu wetu, mama wa makamo aliyekizoea kifaa hicho kabla ya vijana wote, aliniuliza, "Mwanangu, yale yetu ya kaskazi yamo humu?"

"Yamo, mama."

"Sasa mbona hayatoki?"

Swali hilo ndilo lililonivusha Mokowe nikapanda basi la Malindi, kwenye kongamano la watengenezaji wa programu za simu na vifaa vya mkononi. Nimehudhuria mara mbili. Mara ya kwanza nilirudi mikono mitupu. Mara ya pili nilirudi na ahadi, na ahadi ikatimia kwa sehemu. Nayaandika haya ili wewe unayejiandaa kwenda kwenye mkutano kama huo uanzie pale nilipofika mimi mara ya pili.

Mara ile ya kwanza nilisubiri muda wa maswali, nikashika kipaza sauti, nikauliza: "Kwa nini vifaa vyenu havitumii programu huria?" Mwakilishi wa kampuni alinijibu kwa upole kwamba vinatumia Android, na Android ni huria, msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi mtandaoni kwa yeyote anayeutaka. Ukumbi ukapiga makofi, nami nikakaa. Alichosema kilikuwa kweli, ndiyo maana sikuwa na la kujibu. Swali langu lilikuwa pana kama bahari, na yeye alichagua pa kutia nanga.

Kwa hiyo kabla hujasema neno lolote huko, jua kifaa chako kimejengwaje. Chini kabisa kuna kaneli ya Linux, kiini cha mfumo kinachoendesha kifaa chenyewe, ile aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991. Hiyo iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2, na leseni hiyo inambana muuzaji: akikupa kifaa chenye kaneli hiyo, sharti akupe na msimbo wake, au akuandikie ahadi inayodumu miaka 3 au zaidi kwamba ukiuomba utaupata. Juu ya kaneli kuna Android yenyewe, ambayo sehemu yake kubwa iko chini ya leseni ya Apache 2.0. Hii haimlazimishi mtengenezaji kukuonyesha alichobadilisha. Kisha kuna vipande vya kampuni yenyewe, kama programu inayoendesha skana na ile inayozungumza na seva. Na kuna butiloda, kiprogramu kinachoamka kwanza unapobonyeza kitufe cha kuwasha. Butiloda ikifungwa, hata upewe msimbo wote wa dunia huwezi kuweka mfumo mwingine.

Mimi nilikuwa nimeyafunga yote hayo katika neno moja, "huria". Msimbo wa kaneli ni haki yako na waweza kuudai bila kuinamisha kichwa. Yaliyobaki ni maombi, na anayeomba huja na sababu.

Mwaka uliofuata nilikwenda na karatasi moja, upande mmoja Kiswahili na upande wa pili Kiingereza. Ilikuwa na mambo matatu: msimbo wa kaneli ya modeli yetu, njia ya kufungua butiloda kwa vifaa ambavyo kampuni imekwisha kuviacha, na njia ya kutoa kumbukumbu kama faili la kawaida bila kupitia seva. Sikuomba msimbo wa programu yao ya uvuvi. Wapo wenzangu waliokasirika kwa hilo, na nawaelewa, lakini programu ile bado wanawauzia wengine na ndiyo riziki yao. Mimi nilitaka samaki wetu watoke kwanza. Ukiweka ombi kubwa mbele, madogo matatu yaliyo nyuma yake hayasomwi.

Karatasi hiyo ijaze mambo mahususi. Fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, uandike namba ya modeli na toleo la kaneli kama yalivyo, herufi kwa herufi. Ambatisha picha ya risiti. Mhandisi akiona toleo la kaneli anajua moja kwa moja atafute wapi, na hana nafasi ya kukwambia "tutaangalia".

Jambo lililonichukua mwaka mzima kulielewa ni kwamba anayepanda jukwaani si mwenye ufunguo. Jukwaani anapanda mtu wa mauzo. Mhandisi yuko nyuma ya meza ya maonyesho, anachaji betri na kupanga nyaya, na hakuna anayemsemesha. Nilimfuata wakati wa chai, watu wakiwa kwenye baraza na mahamri yao. Sikuanza na leseni. Nilikiweka kifaa mezani, nikakiwasha, nikanyamaza.

"Inaunganisha."

Alikitazama muda mrefu. Akakigeuza, akasugua kutu ya tundu la chaji kwa ukucha. "Kaka, hiki nilikifanyia kazi mimi," akasema. Hakuwa na habari kwamba bado vipo vinavyowashwa kila asubuhi. Kuzimwa kwa seva kuliamuliwa na watu wa hesabu, yeye akahamishiwa kazi nyingine.

Ndipo nikatoa daftari. Tangu vifaa vife, katibu wetu amerudi kwenye daftari la mistari lenye jalada gumu, na nilimwomba aniazime moja. Nikalifungua kwenye siku za bamvua, maji makuu, nikamwonyesha: jina la nahodha, Kiwayu, nguru sita, tafi kilo kumi na mbili, na pembeni mstari uliokatwa kwa kalamu nyekundu kwa sababu tajiri alipinga mizani. Nikamwambia kurasa kama hizi za mwaka mmoja na nusu zimefungiwa ndani ya kifaa chake. Baada ya hapo sikuhitaji kumshawishi. Yeye ndiye aliyemwita meneja wake.

Meneja alikuwa na hoja, na utakutana nayo, basi ijie na jibu. Alisema wakifungua, washindani wataiba. Nikamwambia kuhusu mafundi wa majahazi wa Matondoni, kijiji cha kwetu Lamu. Jahazi likivuja, fundi yeyote huliinua, hufungua mbao, hutazama lilivyoungwa, hulikalafati kwa pamba na mafuta, hulipaka deheni likarudi majini. Aliyelichonga huenda amekufa miaka ishirini iliyopita. Hakuna aliyesema mafundi wa kwanza waliibiwa. Watu wanaendelea kuagiza majahazi Matondoni kwa sababu wanajua hata fundi akiondoka chombo kitatengenezeka. Akaniuliza kama kuna mfano wa kompyuta. Upo, tena wa vifaa vya mkononi hasa. Kifaa cha kwanza cha kampuni ya Palm, kompyuta ndogo ya kiganjani, kilipotoka mwaka 1996, watu wa nje ya kampuni ndio waliotengeneza programu ya kukiiga ndani ya kompyuta, ili mtu ajaribu kazi yake bila kukigusa kifaa. Palm waliichukua, wakaiendeleza, na wakaitoa chini ya GPL. Watu wa nje pia waliigeuza GCC, programu huria ya mradi wa GNU inayogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa, ikawa zana ya bure ya kuandikia programu za Palm, wakati zana rasmi ilikuwa ya kulipia. Kampuni ikapata programu nyingi ambazo haikumlipa mtu kuziandika.

Jingine nalisema kwa uchungu kidogo. Kaskazini ya Malindi, baharini mbele ya Ngomeni, kuna jukwaa la Waitaliano lililotumika kurushia roketi. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksrei angani, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Jina lilikuwa letu. Sitaki vifaa vya mkononi navyo vije pwani hii, viandikwe Kiswahili kwenye skrini, kisha sisi tubaki kutazama.

Ndiyo maana usiende na mkono wa kupokea tu. Karatasi yangu, chini ya maombi matatu, ilikuwa na sisi tutakachotoa: tafsiri ya menyu kwa Kiswahili kinachosemwa bandarini, majaribio kwenye chumvi na jua, na taarifa za hitilafu zenye faili la kumbukumbu za mfumo. Mhandisi alinakili sehemu hiyo kwenye kitabu chake mwenyewe. Kazi hii tunaiweza. Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Mwaka 2008 Ushahidi, programu huria ya kukusanya ripoti za watu na kuziweka kwenye ramani, ilianzishwa hapa Kenya, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ikatumika nchi nyingi. Yataje haya kwa sauti, maana wengi ukumbini hudhani programu huria ni kitu tunachopewa.

Na usikae bure ukingoja jibu. Sisi tumehamia ODK, programu huria ya kukusanya taarifa iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008. Fomu unaiandika kwenye jedwali la kawaida, Kiswahili na Kiingereza pamoja, na karani anajaza hata pasipo mtandao. Inafanya kazi kwenye simu ya bei nafuu. Katibu alinisahihisha fomu ya kwanza mara tano kabla ya kuikubali.

Siku mbili baada ya kongamano niliandika barua pepe, nikarudia maombi yale yale kwa maneno yale yale, nikawapa nakala wote wawili, mhandisi na meneja. Kila mwezi nikakumbusha kwa mistari miwili. Mwezi wa nne kilikuja kiungo cha msimbo wa kaneli. Haukuwa kamili, faili za skana zilikosekana, nikawaandikia tena na kutaja majina ya faili hizo. Wiki sita baadaye mhandisi alituma kiprogramu kidogo: unachomeka kifaa kwenye kompyuta kwa waya wa USB, kinatoa kumbukumbu zote kama jedwali.

Vifaa tisa kati ya kumi na viwili viliamka. Katibu alivuta kiti, akavaa miwani, akashuka mstari baada ya mstari mpaka akafika siku moja ya kaskazi. "Hapa karani alikosea," akasema, "huyu nguru alikuwa kilo tisa." Tukasahihisha.

Butiloda bado imefungwa. Kongamano lijalo nakwenda na karatasi yenye ombi hilo moja.