Maswali ya rangi: jaribu kwanza ndo ununue ndoo

Maswali ya wiki hii mengi ni yale yale, watu wanauliza wakiwa wameshapaka. Nayajibu haya machache, mengine yatasubiri.

Naomba unitajie rangi nzuri ya sebule.

Siwezi. Hujasema dirisha linaangalia wapi, marumaru za rangi gani, makochi yakoje, taa gani. Nimeshaandika mara nyingi kwamba bila hayo siwezi kumtajia mtu rangi, tafadhali tumeni maelezo.

Nilichagua kijivu kwenye katalogi dukani, fundi kapaka chumba kizima, sasa naona bluu tupu. Duka limenidanganya? (Dada wa Mbagala)

Sidhani dada yangu. Kile kipande cha katalogi ni kidogo, umekiangalia chini ya taa ya dukani, na kimezungukwa na karatasi nyeupe. Kijivu karibu vyote vina rangi nyingine ndani yake, kuna chenye bluu, chenye kijani, chenye zambarau, na hiyo rangi ya ndani inakuja kujitokeza ukishapaka kuta nne zinazotazamana maana kila ukuta unamwagia mwenzake rangi yake. Afu kama makochi na mapazia yako ni ya njano au krimu basi ndo kabisa, jicho likiona njano pembeni linakivuta kijivu kwenye bluu.

Mi nafanya hivi. Naomba kipande cha jipsam bodi kwa mafundi wa silingi, vinabaki vingi tu, kama sentimita 60 kwa 60, napiga praima nyeupe (rangi ya kutangulia), ikikauka napaka rangi mikono miwili, yaani mara mbili, kwa rola ile ile itakayotumika ukutani, naacha ukingo mweupe pembeni ili rangi ya zamani ya ukuta isinichanganye. Kesho yake naanza kukihamisha, asubuhi karibu na dirisha, mchana ukuta wa pili, jioni kwenye kona ya giza, usiku nawasha taa. Na taa iwe ile ile utakayoishi nayo, maana kijivu kilichotulia chini ya taa ya njano kinaweza kuwa cha baridi kabisa chini ya taa nyeupe.

Kuna chumba cha mama yangu niliweka bodi ya rangi ya maziwa, saa mbili asubuhi ikawa na ukijani kama maji ya mchicha, nikadhani dukani wamekosea vipimo. Kumbe jua lilikuwa linapiga ukuta wa jirani uliopakwa kijani na mwanga wake unaingia dirishani, ilipofika saa sita ukijani wote umeisha. Hilo katalogi haiwezi kukwambia.

Dirisha langu linaangalia kaskazini, nimesoma kwamba chumba cha hivyo hakipati jua nipake rangi za joto. Ni kweli?

Hayo ni ya Uingereza, wao jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Dar ipo kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta, mwezi wa 6 jua liko kaskazini yako na mwezi wa 12 linahamia kusini. Kwetu angalia zaidi mashariki na magharibi. Dirisha la magharibi saa kumi na moja jioni linaingiza mwanga wa dhahabu, rangi ya pichi inageuka chungwa, ijaribu saa hiyo.

Fundi anasema kujaribu ni kupoteza hela, ninunue ndoo ya lita 20 tuanze.

Fundi anawahi kazi nyingine, namwelewa, ila anayelala humo ni wewe. Piga hesabu, chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 3 kina mita za mraba 45 za ukuta, toa mlango na madirisha zinabaki kama 40. Mikono miwili ni 80. Lita moja ukutani inakwenda kama mita za mraba 10, kwahiyo unahitaji kama lita 8, galoni mbili za lita 4! Ndoo ya 20 ya nini? Nunua lita moja ya kujaribia, na iwe aina ile ile, usijaribu mati (isiyong'aa) halafu ukapaka silki, silki inang'aa na rangi inaonekana tofauti. Na kama fundi anakoleza ndoo nyeupe kwa kukadiria kwa macho mkataze, rangi ikiisha katikati ya ukuta hataipata tena ile ile.

Plasta ina wiki mbili, nijaribu juu yake?

Hapana. Subiri wiki nne, plasta mbichi inaharibu rangi.

Nakwangua rangi ya zamani ya mafuta chumba cha mtoto ili nijaribu mpya, nitumie msasa gani?

Simama kwanza mama. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, ile metali yenye sumu (lead), na vumbi lake linaathiri ubongo wa mtoto hata likiwa kidogo. Usipige msasa mkavu. Lowesha, funika sakafu, watoto na mjamzito watoke kabisa, futa kwa kitambaa kibichi. Kwa rangi mpya uliza dukani kama risasi haizidi sehemu 90 kwa milioni, ndo kikomo wanachopendekeza WHO, Shirika la Afya Duniani.

Niko Muscat, najenga Tanga, mdogo wangu ananitumia picha za rangi WhatsApp nachagua. Inatosha?

Haitoshi kaka. Kamera inarekebisha rangi yenyewe bila kukuuliza, na simu yako inaongeza yake. Mwambie apake vipande vitatu vya mbao nyembamba saizi ya daftari, nyuma aandike namba ya rangi na aina yake, ampe mtu anayekuja huko. Ukivipata washa taa kama za nyumba yako ya Tanga uviangalie. Mpaka vifike asinunue hata galoni.