Apu ya mkopo imekunyima? Kifungu cha 35 kipo

Ndugu, unauliza kama sheria ya Kenya inasema lolote pale apu ya mkopo inapokukataa kwa sekunde mbili bila mtu kuligusa ombi lako. Sheria mahususi ya akili mnemba bado hatuna. Ule mkakati wa taifa wa akili mnemba (AI) wa 2025 hadi 2030 ni mpango tu, huwezi kwenda nao mahakamani. Lakini soma Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35. Uamuzi ukifanywa na mashine peke yake na ukakuathiri kwa kiasi kikubwa, wenye apu wanapaswa kukujulisha kwa maandishi, nawe una haki ya kudai waupitie upya au watoe uamuzi mwingine usiotegemea mashine pekee. Wakikupuuza, mlalamikie Kamishna wa Data. Kuna mwanya: watasema uamuzi huo ulihitajika ili kuingia mkataba nawe, au kwamba idhini yako iliwaruhusu, na idhini yenyewe ni kile kisanduku unachobonyeza bila kusoma (sote tunabonyeza). Hata hivyo andika barua pepe, weka tarehe, taja kifungu. Angalia pia kama kampuni hiyo ina leseni ya Benki Kuu, maana wakopeshaji wa kidijitali walitungiwa kanuni zao 2022.